Factorio: Kupanga reli za treni ndefu bila kuziba njia panda

Katika Factorio, mchezo wa kompyuta wa kujenga viwanda kwenye ramani iliyogawanywa kwa miraba, treni ya vichwa 2 na mabehewa 8 ina urefu wa miraba 69. Ukiijua namba hiyo kabla hujalaza reli ya kwanza, mtandao wako utapumua hata treni zikifika 60. Usipoijua utajenga njia panda maridadi na kuweka taa kila kona, kisha siku treni zitakapozidi kumi utakuta mkia mmoja umelala katikati ya njia panda, treni nne zimetazamana, na matanuri yote yamenyamaza kwa kukosa madini.

Karibu matatizo yote ya treni ndefu yana chanzo kimoja: mahali fulani treni imesimama pasipotosha urefu wake. Mwongozo huu unapita hatua kwa hatua, kuanzia kuchagua urefu hadi kupanga vituo. Tunazungumzia mchezo wenyewe usio na nyongeza za wachezaji. Panapohusu toleo la 2.0 au Space Age, nyongeza rasmi ya mchezo, tutasema.

Chagua urefu kabla ya kila kitu

Kichwa kimoja au behewa moja huchukua miraba 6, na kati ya kimoja na kingine kuna nafasi ya mraba 1. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha idadi ya vyombo kwa 7, toa 1. Wachezaji huandika treni kwa namba mbili, vichwa kwanza halafu mabehewa. Hivyo 1-4 ni miraba 34, 2-8 ni 69, na 4-16 ni 139.

Usipange kwa namba hizo kavu. Treni husimama kidogo kabla ya taa, na reli iliyonyooka hujengwa kwa vipande vya miraba miwili miwili. Ongeza kidogo: 36 kwa 1-4, 72 kwa 2-8, 144 kwa 4-16. Kwa vipande vya reli ni 18, 36 na 72. Tengeneza bluprinti (mchoro unaohifadhiwa ili kujenga nakala zake) yenye vipande 36 vya reli na taa kila upande, uiite "rula". Kila unapokuwa na shaka, ilaze juu ya njia uone kama inatosha. Sehemu yenye kona pima kwa treni halisi, maana kuhesabu vipande kwenye mapindo hudanganya.

Je, uchague ipi? Behewa la mizigo lina nafasi 40. Madini ya chuma hupangwa 50 kwa nafasi, kwa hiyo behewa linabeba 2,000. Mabamba ni 100 kwa nafasi, yaani 4,000, na sakiti za kijani ni 200, yaani 8,000. Treni ya 2-8 inaleta madini 16,000 kwa safari. Mkanda wa buluu wa kusafirishia vitu kiwandani unapitisha vitu 45 kwa sekunde. Matanuri yako yakila mikanda minne ya buluu, sawa na 180 kwa sekunde, mzigo wa 2-8 unaisha kwa sekunde 89. Kwa 1-4 utahitaji treni mpya kila sekunde 44, na kwa 4-16 kila baada ya dakika tatu hivi.

Faida ya treni ndefu ni hiyo: njia panda inapitiwa mara chache kwa mzigo uleule. Hasara yake ni ardhi, kwani kila kituo, kila njia ya kusubiri na kila nafasi baada ya njia panda inarefuka kwa kiwango kilekile. Kwa maoni yetu 2-8 inamtosha karibu kila mtu. 4-16 ni ya kiwanda kikubwa mno chenye nafasi ya kutosha, ambako maadui wameshafagiliwa mbali na umeshakubali kwamba kituo kimoja kitameza eneo la kijiji.

Kuhusu nguvu, kichwa kina uzito wa 2,000 na behewa la mizigo 1,000, na mzigo uliomo hauongezi chochote. Treni tupu na treni iliyojaa huondoka sawasawa. Kinachoamua ni uwiano: 2-8 na 4-16 zina kichwa kimoja kwa mabehewa manne, kwa hiyo mwendo wao unakaribiana. Ukiunganisha mabehewa 16 kwa vichwa viwili, treni itajivuta, na kujivuta ndani ya njia panda ndiko kunakoumiza wenzake. Mafuta nayo yana uzito wake katika hesabu: ukilinganisha na makaa ya mawe, mafuta magumu yanaongeza kasi ya kuondoka hadi asilimia 120, mafuta ya roketi 180, na ya nyuklia 250. Kasi ya juu kabisa kwa makaa ni kilomita 259 kwa saa, yaani miraba 72 kwa sekunde. Mafuta ya roketi na ya nyuklia yanaipandisha kwa asilimia 15 tu. Kwa treni ndefu, kuondoka haraka kuna thamani kuliko kasi ya juu, kwa sababu muda mwingi wa njia panda unaliwa na treni inayoanza kutoka kusimama.

Kichwa kinachotazama nyuma hakivuti. Treni ya 2-8-2, yenye vichwa pande zote mbili, ina miraba 83, na vichwa viwili vya nyuma ni mzigo mtupu. Ni afadhali treni ya upande mmoja na kitanzi cha kugeuzia kwenye kituo.

Na sharti moja: mtandao mmoja, urefu mmoja. Ukilazimika kuchanganya, vipimo vyote vifuate treni ndefu kuliko zote, hata kama iko moja tu na inabeba mizinga.

Taa, na kwa nini mkia unabaki njiani

Kila dereva anajua sheria hii, hata wale wa daladala wanaoipuuza: usiingie njia panda kama huoni pa kutokea. Taa za Factorio zipo kutekeleza hilo.

Taa hugawanya reli katika bloku, na bloku moja haiingizi treni mbili. Taa ya kawaida inaangalia bloku iliyo mbele yake tu: ikiwa tupu, treni inapita. Taa ya mnyororo inaangalia bloku ya mbele pamoja na taa inayofuata kwenye njia ambayo treni inakwenda. Kama kule mbele kumefungwa, inaizuia treni hapohapo. Ikiwaka buluu maana yake baadhi ya njia za kutokea ziko wazi na nyingine zimefungwa.

Kanuni inayosemwa kila mahali ni hii: mnyororo kwenye mlango wa kuingilia njia panda, mnyororo ndani yake, taa ya kawaida kwenye kila mlango wa kutokea. Ni kweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ndiyo inayowahusu wenye treni ndefu: bloku ya kwanza baada ya mlango wa kutokea lazima imeze treni nzima. Kwa 2-8 hiyo ni miraba 72 bila taa nyingine yoyote katikati.

Angalia kinachotokea ukikosea. Umeweka taa ya kawaida ya kutokea, na miraba 30 mbele ukaweka nyingine kwa kuwa ulisikia kwamba bloku fupi zinaruhusu treni nyingi zaidi kwenye njia. Bloku ya kwanza iko wazi, ya pili ina treni iliyosimama. Mnyororo wa kuingilia unatazama taa ya kutokea, unaona kijani, unaruhusu. Treni inaingia, inafika miraba 30 mbele, inakuta nyekundu, inasimama. Vichwa viwili na mabehewa mawili yako nje. Mabehewa sita yamelala juu ya njia panda. Taa zote zimefanya kazi yake sawasawa, na bado umekwama. Wengi huhangaika kuongeza taa hapo. Dawa ni kuondoa moja.

Mbali na njia panda hali ni tofauti. Katikati ya njia kuu, ambako hakuna makutano, bloku fupi ni nzuri: treni ikisimama na mwili wake ukafunika bloku tatu, haimzuii mtu isipokuwa aliye nyuma yake, na huyo angesubiri tu. Kwa 2-8 tunapendekeza bloku ya 72 baada ya kila njia panda, kisha za 36 hadi karibu na njia panda inayofuata. Kila treni inajiwekea bloku za mbele kulingana na umbali inaohitaji kufunga breki, kwa hiyo utafiti wa breki, mojawapo ya teknolojia zinazofunguliwa mchezoni, unafaidisha njia nzima: umbali huo ukipungua, treni zinafuatana kwa karibu zaidi.

Njia panda mbili zikikaribiana kwa chini ya miraba 72, zihesabu kuwa moja. Ile taa ya kawaida iliyo katikati yao igeuze mnyororo, na taa ya kawaida ije baada ya njia panda ya pili, ikifuatiwa na nafasi yake kamili. Treni itasubiri nje ya ya kwanza mpaka ione pa kutokea kwenye ya pili. Utapoteza uwezo kiasi, lakini haitakwama. Jambo hili husahaulika hasa pale tawi la kituo linapotoka kwenye njia kuu miraba 40 baada ya makutano makubwa. Tawi nalo ni njia panda.

Taa hukaa upande wa kulia wa treni. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, na wengi hujenga reli hivyohivyo kwa mazoea, mchezo haukatazi. Ila ukipitisha treni kushoto, taa za njia zote mbili zinaangukia katikati, na nafasi ya katikati ndiyo ungetaka kuweka nguzo za umeme. Ukipitisha kulia, taa zinakaa nje. Acha miraba 4 kati ya reli mbili, nguzo kubwa inakaa bila shida. Ukishachagua upande, usibadilishe: bluprinti za kulia na za kushoto haziungani.

Kosa jingine la upande: taa ikiwa upande mmoja tu, njia ni ya mwelekeo mmoja. Taa mbili zikitazamana pande zote mbili za reli, njia ni ya pande mbili. Taa moja iliyowekwa kimakosa upande wa pili inatosha kufanya treni iseme haina njia, hata kama reli zimeungana vizuri machoni.

Umbo la njia panda

Anza na makutano ya njia tatu. Yana migongano michache kuliko ya njia nne, na mara nyingi makutano mawili ya tatu yaliyotengana kwa miraba 72 au zaidi yanapitisha treni vizuri kuliko moja la nne lililobanwa.

Mzunguko wa duara, ule unaopendwa kwa sababu ni rahisi kuchora, haufai treni ndefu. Duara dogo lina mzingo mfupi kuliko treni ya 2-8. Treni ikipangiwa njia upya ikiwa ndani, inaweza kuzunguka ikakuta mkia wake mwenyewe umeshika bloku inayoitaka, na hapo inajisubiri yenyewe milele. Kwa 1-4 duara linavumilika. Kuanzia 2-8 liache.

Ndani ya makutano gawa bloku kwa taa za mnyororo ili treni mbili zisizogusana zipite kwa pamoja: kwa mfano inayokwenda moja kwa moja mashariki na inayokwenda moja kwa moja magharibi. Shika taa mkononi, mchezo utapaka kila bloku rangi yake. Kama reli mbili zisizokatana zina rangi moja, hapo unapoteza nafasi. Na kama rangi ya ndani ya makutano inaendelea nje kwenye njia kuu, mlango huo umekosa taa ya kutokea. Usipite kiasi, lakini: kuweka mnyororo kila baada ya miraba michache ndani ya makutano hakuongezi kitu, na kunamchanganya atakayekuja kurekebisha.

Wanaojenga kwa gridi ya mitaa, yaani kiwanda kilichogawanywa kwa mitaa ya mraba inayozungukwa na reli, wahesabu hivi: upande wa mtaa = ukubwa wa makutano + nafasi ya treni. Makutano yenye kina cha miraba 40 na treni ya 2-8 ni 112 kwa uchache, kwa hiyo mtaa wa 128 unakaa vizuri, nao ni vipande vinne kamili vya ramani vya miraba 32. Kwa 4-16 ni 184, hivyo chukua 192, yaani vipande sita. Mtaa wa 100 uliozoeleka kwa 1-4 ukiulazimishia 2-8 utabakiwa na 60 baada ya makutano, na 60 haitoshi. Ukiweka tawi la kituo katikati ya upande wa mtaa, hesabu inabadilika tena: nafasi kabla ya tawi na baada ya tawi zote zidai 72 zake, au tawi liunganishwe kwa mnyororo na makutano yaliyo jirani.

Reli za njia moja kwa treni za pande mbili, kama ilivyo Reli ya Kati ya geji ya mita ambako treni hupishana stesheni, zinawezekana. Kila sehemu ya kupishania iwe na njia mbili zenye miraba 72 kila moja, mnyororo pale treni inapotoka kuingia njia moja, na taa ya kawaida pale inapoingia sehemu ya kupishania. Ila vyuma vinavyookolewa ni vichache. Reli mbili hutoka kwa jiwe 1, chuma cha pua 1 na fimbo ya chuma 1. Njia mbili sambamba za miraba 1,000 zinataka vipande 1,000 vya reli: mawe 500, chuma cha pua 500 na fimbo 500, ambayo ukiirudisha kwenye mabamba ya chuma ya kawaida ni 2,750. Kwa kiwanda chenye treni za 2-8 hicho ni kidogo. Jenga njia mbili.

Kituo cha kupakia na kushushia

Kituo kiwe kimenyooka kwa urefu wote wa treni. Kwa 2-8, miraba 14 ya kwanza nyuma ya nguzo ya kituo ni ya vichwa viwili, kisha behewa la kwanza linaanza. Kila behewa lina nafasi ya mikono 6 (mashine za kuhamishia vitu) kila upande, halafu mraba mmoja ulio wazi, ambao ndio mahali pa nguzo ya umeme.

Weka mkono wa mafuta kwa kila kichwa. Kosa la kawaida sana baada ya kurefusha treni ni kubaki na mkono mmoja wa zamani: kichwa cha mbele kinajazwa, cha pili kinakauka, na treni inaanza kujivuta bila tahadhari yoyote kwa kuwa kichwa kimoja bado kinafanya kazi. Makaa 150 yanayojaza nafasi tatu za kichwa yanadumu kama sekunde 1,000 za nguvu kamili. Tatizo hilo halionekani siku ya kwanza.

Mabehewa 8 yanapendeza kwa sababu mkanda mmoja unagawanyika mara tatu, 1 kuwa 2 kuwa 4 kuwa 8, kwa vigawanyi 7. Mabehewa 6 yanakulazimisha kurudisha mkanda nyuma ili mgawo uwe sawa. Mgawo sawa unahitajika kwa sababu treni yenye sharti la "mzigo kamili" inasubiri behewa la mwisho lijae. Mabehewa saba yaliyojaa na moja lenye nusu ni treni iliyosimama, na kwenye kituo cha treni ndefu kusubiri huko kunafunga njia iliyogharimu ardhi nyingi.

Pakia kupitia makasha, si moja kwa moja kutoka kwenye mkanda. Kasha la chuma cha pua lina nafasi 48. Mikono sita ya kasi isiyo na utafiti, kila mmoja ukihamisha zaidi kidogo ya vitu 2 kwa sekunde, inajaza behewa la madini kwa dakika mbili na ushee. Mikono mikubwa ya mafungu yenye utafiti kamili inapita vitu 27 kwa sekunde kila mmoja, na sita zinamaliza behewa kwa sekunde 12 hivi. Treni inakaa muda mfupi, na makasha yanajazwa taratibu nyuma yake.

Funga nafasi za makasha kwa alama nyekundu ibaki 20. Kila kasha litachukua madini 1,000; makasha 48 ya upande mmoja wa treni yatachukua 48,000, ambayo ni treni tatu kamili. Namba hiyo tutaitumia hivi punde.

Njia za kusubiri: taa ya mnyororo kabla ya mgawanyiko, taa ya kawaida mwanzoni mwa kila njia, miraba 72, taa ya mnyororo mwishoni mwa kila njia, kisha taa ya kawaida mwanzoni mwa kila jukwaa. Jukwaa nalo liwe na 72 kati ya taa hiyo na nguzo ya kituo. Wengi hupima njia za kusubiri kwa makini halafu wakabana jukwaa, na mkia wa treni inayopakia ukaziba mdomo wa majukwaa yote. Nafasi ya miraba 4 kutoka njia moja hadi nyingine inatosha kwa reli na taa. Kama kituo kinahudumia bidhaa moja tu, njia za kusubiri zinaweza kuwa za mfuatano kwenye reli moja: nafasi mbili ni miraba 144 kabla ya jukwaa. Kama mlango ni wa bidhaa kadhaa lazima ziwe sambamba, la sivyo treni ya shaba iliyo mbele itaizuia ya chuma ambayo jukwaa lake liko tupu.

Ukomo wa treni

Tangu toleo la 1.1 kila kituo kina ukomo wa treni, unaohesabu zilizopo na zilizo njiani kuja. Kanuni ni moja: ukomo usizidi majukwaa pamoja na nafasi za kusubiri. Jukwaa 1 na nafasi 2 ni ukomo wa 3. Ukiweka 4, ya nne itasubiri kwenye njia kuu, na foleni ya miraba 69 kwenye njia kuu si jambo dogo.

Ukomo unaweza kuendeshwa kwa nyaya. Upande wa kupakia, unganisha makasha 48 kwa waya mwekundu hadi kwenye kikokotozi cha hesabu, kifaa kinachokokotoa namba zinazopita kwenye nyaya: madini ya chuma yagawanywe kwa 16,000, jibu litoke kama ishara ya L, liende kwenye nguzo ya kituo uliyoiwekea kupokea ukomo. Mgawanyo hutupa sehemu ndogo, hivyo 31,000 inatoa 1. Treni inaitwa tu mzigo ukiwa tayari. Kama mgawo wa mikanda yako si sawa sana, gawanya kwa 20,000 badala yake, kwa sababu jumla inaweza kutimia huku makasha ya behewa moja yakiwa na upungufu.

Upande wa kushushia unataka nafasi iliyobaki. Kikokotozi cha kwanza kizidishe madini kwa −1 na kutoa L. Kikokotozi cha namba thabiti kitoe L ya 48,000. Waya mmoja uwajumlishe hao wawili na kuingia kwenye kikokotozi cha tatu kinachogawanya L kwa 16,000. Jibu litoke kwa waya mwingine kabisa. Likirudi kwenye waya wa kuingilia namba zitaanza kurukaruka. Utagundua ukomo unafika 3 makasha yakiwa matupu kabisa tu, na kawaida unaona 2. Hiyo ndiyo hali inayotakiwa. Ukomo ukishuka wakati treni iko njiani, haifutiwi safari. Inafika na kushusha.

Idadi ya treni: jumlisha ukomo wa vituo vyote vya kupakia bidhaa hiyo na vya kuishushia, toa 1. Vituo vitatu vya kupakia vyenye ukomo wa 2 na vya kushushia viwili vyenye ukomo wa 3 ni nafasi 12, kwa hiyo treni zisizidi 11. Zikiwa 12 kila nafasi ina mwenyewe, na hakuna anayeweza kuhama kwa sababu hakuna pa kuhamia. Katika 2.0 kuna usumbufu, yaani agizo linaloikatiza ratiba: sharti la "kituo kimejaa au hakuna njia" linaweza kuipeleka treni tupu kwenye maegesho badala ya kukalia jukwaa la kushushia. Maegesho hayo nayo yanadai 72 kwa kila nafasi.

Jambo la mwisho la vituo: usipitishe njia kuu ndani ya jukwaa. Mchezo unaiona njia yenye nguzo ya kituo kama ndefu zaidi kwa miraba 2,000, lakini njia kuu ikisongamana au ikikatika treni za mbali zitakatiza ndani ya kituo chako.

Kukagua kabla ya kuwasha zote

Endesha treni kwa mkono mpaka kichwa kifike kwenye taa inayofuata baada ya kila mlango wa kutokea, ushuke, utazame mkia. Mkia ukiwa bado nyuma ya taa ya kutokea, hapo pana kosa, hata kama mtandao umefanya kazi kwa saa kumi. Fanya hivyo kwa kila mlango wa kila aina ya bluprinti, si kwa kila makutano. Bluprinti ikiwa sahihi, nakala zake zote ni sahihi.

Treni zikiwa tayari zimekwama, usianze kufuta. Fuata mnyororo wa kusubiriana: chukua treni yoyote iliyosimama, angalia taa nyekundu iliyo mbele yake, tafuta nani ameshika bloku hiyo, kisha yeye anasubiri nini. Baada ya hatua tatu au nne utarudi kwa treni uliyoanzia. Mkia mmoja kati ya hizo utakuwa ndani ya makutano, na bloku iliyo mbele ya treni hiyo ndiyo fupi.

Bluprinti za zamani na reli za juu

Toleo la 2.0, lililotoka Oktoba 2024 pamoja na Space Age, lilibadilisha maumbo ya mapindo. Mapindo ya 1.1 hubaki kwenye michezo ya zamani lakini hayajengwi upya, kwa hiyo makutano uliyohifadhi zamani yachorwe tena. Wenye Space Age wana reli za juu, ambazo zinaondoa migongano badala ya kuipanga. Ngazi ya kupandia inakula miraba 16, nayo ikae nje ya zile 72 kama hutaki kupima upya kwa treni halisi. Reli ya juu haibadilishi kanuni ya mlango wa kutokea: treni ikisimama darajani mkia wake bado uko mahali fulani.

Kurefusha mtandao wa 1-4 uliopo

Kubadilisha treni kwanza ndiyo njia ya uhakika ya kukwama. Mpangilio ni huu. Ondoa taa zilizo ndani ya miraba 72 baada ya kila mlango wa kutokea. Hii haimsumbui 1-4 yeyote. Geuza mnyororo taa zote zilizo kati ya makutano yaliyokaribiana. Punguza ukomo wa vituo vifupi hadi 1 ili njia zao za kusubiri zisitumike. Refusha majukwaa ya kushushia, kisha ya kupakia, pamoja na mikono ya mafuta ya kichwa cha pili. Rekebisha vikokotozi kutoka 8,000 hadi 16,000. Baada ya hapo ndipo ushike treni moja ikiwa kituoni, uizime otomatiki, uongeze kichwa na mabehewa manne, uiwashe na kuifuata mzunguko mzima kabla ya kugusa ya pili. Njia za kusubiri zirefushwe mwisho kabisa, na ukomo upandishwe kituo kimoja kimoja kadiri zinavyokamilika.